Nyumba ya Fundi Pandu

Niitikieni niwape hadithi. Mkinyamaza, nitaimeza mwenyewe.

Fundi Pandu alijijengea nyumba ya mawe, akachonga na mlango wake. Siku alipoutia, tajiri Makame alimkata shingo kwa panga mbele ya watu, akamzika pale pale chini ya kizingiti. "Nyumba yangu hii," akasema. Akaingia bila kupiga hodi, kama mtu aingiavyo kwake. Mlango ukajifunga wenyewe, pa, ukamkata vipande viwili.

Nyumba akairithi mwana wa Makame, Mcha. Akafuta damu ya baba, akaingia bila kupiga hodi. Mlango ukajifunga, pa. Vipande viwili.

Akabaki Mwanakombo, mjane wa Mcha, mtoto mgongoni, hana pengine pa kulala. Akasimama nje, akaita, "Hodi."

Majirani wakamcheka. "Bibi wee, mtu hupiga hodi kwake?"

"Si kwangu," akajibu. "Mwenyewe yumo humu chini." Akaita tena, "Hodi." Akaita mara ya tatu, "Hodi, baba."

Kizingiti kikajibu, "Karibu, mwanangu. Ingia na mtoto."

Akaingia, mlango usitikisike. Akazeekea humo, na hata akitoka kisimani alipiga hodi.

Mtoto yule alikuwa mama yangu, na nyumba ndiyo hii mliyokaa. Jioni hii mmeingia salama kwa sababu mimi nilitangulia, nikawapigia hodi nyote, nanyi mkacheka. Sasa anayetaka kwenda haja na aende. Kurudi, atarudi peke yake.