Mjusi, Paka Shume na Sinia Lisilorudi Tupu

Paukwa!
Pakawa!
Kopo la maziwa?
Limeota mrehani!
Na chini ya kopo?
Paka anameza mate!

Basi kaeni vizuri. Alikuwapo Bi Mwatime, aliyejaza nyumba maua ya makopo. Akafuga na paka dume, Shume. Shume akiona jani, nyaku! Akiona jingine, nyaku! Kisha anatapika mkekani, oo! oo!

Bi Mwatime akaogopa. Majani mengine ni sumu kwa paka. Akayapanga makopo yote kwenye sinia, akampelekea jirani yake, Bi Mishi, asiyefuga paka.

Hakujua kwamba kwenye ua la majani mapana yenye madoa alikuwa amelala Zawena, mke wa Mjusi.

Maskini Mjusi! Kila jioni alisikia ng'ambo ya ua, tik! tik! tik! Ni Zawena. Naye akajibu, tik! tik! tik! Lakini uani kuna kuku, na mlangoni kuna Shume. Mjusi alimtamani mkewe hata hamu ya kula mbu ikamwisha.

Siku moja akaita kutoka darini, "Bwana Shume! Huyakumbuki majani?"

"Nayaota, ndugu yangu."

"Umenyang'anywa kwa kula ovyo. Mfalme kama wewe huwa na shamba lake. Iangushe ile ngano ya Bi Mwatime iliyo rafuni, imwagike kwenye karai la mchanga, chini ya mtungi unaovuja."

Pu! Ngano ikamwagika. Haikupita muda, majani mabichi yakachipua.

"Sharti moja," akasema Mjusi. "Mfalme hagusi kinachoning'inia. Cha juu ni chetu sisi wanyonge."

"Mimi niruke kama nyani? Sithubutu!" akasema Shume, kifua mbele.

Bi Mwatime akamwona paka wake akila majani ya ngano, nyaku nyaku, wala hatapiki. Akacheka. Akapigilia misumari darini, akafunga kamba, akamwita jirani, "Mishi wee! Nirudishie maua, nitayatundika!"

Mjusi akajipangusa macho. Sinia la Bi Mishi likaja na maua. Mrehani huo! Waridi hilo! Asumini hiyo! Na la madoa?

"Lile la madoa baki nalo, shoga," akasema Bi Mwatime. "Utomvu wake utamuunguza Shume mdomo. Jani moja likianguka tu, nimekosa paka."

Jamani! Mjusi alilia, na mjusi akilia hakuna anayejua.

Lakini chombo cha jirani hakirudi kitupu. Bi Mwatime akajaza visheti kwenye sinia la Bi Mishi, akafunika kawa. Mjusi akateremka ukutani, mbio, mbio, mbio. Shume akamwona. Chap! Akaudaka mkia.

Mkia ukakatika, ukacheza sakafuni, piti piti piti. Shume akaurukia. Mjusi akaingia chini ya kawa, sinia likabebwa kichwani, akapita juu ya kuku wote.

Zawena akauliza, "Mume wangu, mkia uko wapi?"

"Nimeacha nauli."

Na Shume? Ana shamba, na maua yananing'inia salama. Lakini kila jioni hutazama darini, "Ndugu yangu, mimi bado mfalme?"

Hadithi yangu imeishia hapo. Aliyetaka ndefu akaitafute kwa Bi Mishi. Fundisho lake: aliyekwenda kakwenda, usimfuate, tunza mkia wako.

Mimi mkia wangu ninao, mzima kabisa. Haya, nyamazeni kidogo, nisikilize ng'ambo ya ua.