Jino Lililongojwa

Hii nimeletewa, nami nakuletea. Ukishasoma mpe mwenye mtoto; mwenye mbuzi mwache.

Palikuwa na Bi Sikuzani, katika kijiji cha wakulima wa miwa. Alimlea mjukuu wake, Siwema, wa miaka sita. Siku moja tabibu wa meno akaja shuleni. Akasema meno ya nyuma ya watoto yana vijifereji juu, chakula hulala humo na jino likaoza. Yeye huyapaka utando mgumu wa kuviziba. Hauumi.

Zamu ya Siwema ikafika. Bi Sikuzani, aliyemleta pamoja na wazazi wengine, akauliza, "Unapaka yapi?"

"Haya manne ya nyuma, bibi. Yameota mwaka huu."

"Kuna lililong'oka hapo nyuma?"

"Hapana, lakini..."

"Basi ni ya utoto hayo, yatatoka. La ukubwa huja mahali pa lililong'oka. Mimi nimelea tisa, mwanangu. Wewe umelea wangapi?"

Watu wakacheka. Tabibu akamwita mtoto mwingine. Siwema akarudi nyumbani bila kupakwa.

Alipotimiza miaka minane, jino moja kati ya yale lilikuwa limetoboka mpaka ndani. Mtoto hali, halali. Likang'olewa zahanati. Siwema akalirusha juu ya paa la jiko kama watoto wote, akamwomba mjusi achukue bovu, alete jipya.

Akangoja. Kila asubuhi alitia kidole pale. Wenzake wakimenya miwa kwa meno, yeye alikaa kando akisubiri kukatiwa vipande kwa kisu, kama kikongwe.

"Bibi, mjusi amepotea nyumba?"

"Yuko njiani. Hujaona miguu yake ilivyo mifupi?"

Mwaka ukaisha. "Bibi, labda jino halikumfikia."

Bi Sikuzani akaegemeza ngazi, akapekua nyasi za paa mpaka akaliona. Akalifunga kwenye pindo la kanga, akamshika mtoto mkono, akaenda kwa tabibu yule yule.

"Mwambie mtoto jipya litaota lini."

Tabibu akaligeuza. "Bibi, tazama mizizi hii ilivyo mirefu. Jino la utoto likitaka kutoka, mizizi yake huwa imeshayeyuka. Hili halikungoja jingine lilipishe nafasi. Liliota nyuma ya mengine, lilikuja kukaa na mtoto mpaka uzeeni. Halina la kulifuata."

Bi Sikuzani akalifunga tena jino kwenye pindo la kanga. Kisha akauliza, "Yaliyobaki?"

"Matatu. Bado mazima."

"Yapake."

Siku hizi Siwema ni msichana mkubwa. Anajua hakuna linalokuja. Lakini miwa ikianza kukatwa, ulimi wake huenda wenyewe penye pengo, ukapapasa, ukakaa hapo.

Funzo: Jino la nyuma linaloota mtoto akiwa na miaka sita ni la kuzeeka nalo. Lizibwe lingali zima, na mwenye kujua aachwe amalize kusema, maana kulea wengi si kujua yote.