Maji ya Magotini

Sogeeni, wanangu. Na nyinyi akina baba mlioegemea ukuta huko nje, ingieni, mkeka ni mpana. Anayenyonyesha anyonyeshe. Mwenye kikohozi akikohoe chote sasa hivi, kisha tunyamaze, maana mfano huu sauti yake ni ndogo, kama yale maji yenyewe ninayotaka kuwaeleza.

Kulikuwa na mtu mmoja mrefu, mrefu kwelikweli, hata watu wakamwita Ngongoti, kama wale wachezaji wa ngoma wanaotembea juu ya miti. Kazi yake ilikuwa majaruba ya chumvi kando ya bahari. Unayafungulia maji ya chumvi yaingie, jua linakunywa maji, wewe unabaki na chumvi na mgongo unaouma. Nyumba yake haikuwa mbele huko kwenye majaruba. Ilikuwa nyuma, bondeni, karibu na hori, ule mkono wa bahari unaojipenyeza ndani katikati ya mikoko. Humo alikaa yeye, mkewe, watoto wao, na mama yake mzazi.

Yule mama alikuwa amepooza. Kiharusi kilichukua mguu na mkono wa upande mmoja, lakini ulimi Mungu alimwachia, mkali vilevile kama zamani. Na Ngongoti alimpenda mama yake. Nalisema mapema, msije mkamrushia mawe kabla sijamaliza. Kila asubuhi alimbeba mwenyewe kumtoa nje aote jua, taratibu, kama mtu aliyebeba mtungi uliojaa pomoni. Mama alipoanguka kitandani akijigeuza usingizini, Ngongoti alichukua msumeno akavikata vitendegu vyote, ile miguu ya kitanda, kitanda kikabaki shubiri moja tu kutoka sakafuni, ili hata akianguka asiumie. Mama akakitazama kitanda, akamtazama mwanawe.

"Umenishusha, mwanangu. Bado kidogo tu unifukie."

Nyumba nzima ikacheka. Ndivyo walivyoishi, kwa utani.

Sasa, pale kijijini walikuwa wakija watu wa hali ya hewa. Hao walikuwa wakiuchunguza ule mchezo wa bahari kupanda nchi kavu kimbunga kinapopita. Walichomeka miti yenye alama horini. Wakawauliza vikongwe, maji ya vimbunga vya zamani yalifika wapi, kwenye kizingiti au kwenye dirisha? Siku za kwanza waliwaambia watu habari za mita. Mita moja na ushee juu ya kawaida, walisema. Akina mama wakaulizana kama ni mita za kitambaa au za nini, wakarudi jikoni. Na mara ile bahari ilipanda ikaishia kwenye mikoko, ikarudi zake. Basi wale watu wakachekwa mpaka wakazoea kuchekwa.

Lakini hawakununa. Walirudi kuchunguza upya, wakagundua kwamba binadamu hatembei na mita kichwani, anatembea na mwili wake. Ndipo akaja binti mmoja wa hali ya hewa na kipaza sauti, akasimama mbele ya shule, pale kilimani. Akawaeleza kwamba kimbunga kiko mbali baharini, na huenda kisikanyage kabisa nchi yao. Upepo wenyewe msiuogope sana, alisema. Ogopeni maji. Upepo unaisukuma bahari kama unavyosukuma maji uani kwa ufagio, yanarundikana upande mmoja. Na siku hiyo ni bamvua, bahari imeshajaa yenyewe hata kabla haijasukumwa.

"Nyumba za bondeni maji yatafika kati ya goti na kifua," akasema. "Wapi hasa kati ya hapo sijui, na asiwadanganye mtu kwamba anajua. Wagonjwa, wazee na watoto waje hapa shuleni mapema."

Haya, niambieni. Ngongoti alisikia nini?

Alisikia goti. Kile kifua kilipita juu ya kichwa chake kama ndege. Nanyi msijifanye mnashangaa. Mwanao akikwambia, mama, nitarudi kesho au keshokutwa, chakula chake unakipika lini? Kesho! Hata tabibu akisema yawezekana ni dogo, yawezekana ni kubwa, tunatoka mlangoni tumelishika lile dogo, tumelikumbatia, tunakwenda nalo nyumbani.

Ngongoti akarudi nyumbani na goti lake. Na akilini mwake alikuwa na jambo lililokuwa likimchoma zaidi. Chumvi ya msimu mzima ilikuwa ghalani, kwenye viroba, ikisubiri lori. Chumvi iliyotokana na maji ndiyo inayoogopa maji kuliko kitu chochote. Akaona ni lazima aipandishe yote kwenye uchaga, jukwaa la miti lililokuwa mwinukoni mbali na ghala, kabla bahari haijajaa. Mkokoteni ulikuwa mmoja.

Asubuhi ya siku yenyewe mkewe, aliyekuwa na mimba kubwa, aliuzuia ule mkokoteni mlangoni.

"Baba Saumu, tumtangulize mama kwanza. Chumvi itafuata."

"Maji ya magotini?" Ngongoti akasema. "Chumvi ikiguswa imekwisha. Mama si chumvi, hatayeyuka."

Kabla mkewe hajajibu, mama akaanza kucheka kutoka ndani. "Mwache, mkwe wangu. Amesema kweli. Ningekuwa chumvi angeniweka juu."

Ngongoti naye akacheka, akaingia, akaubusu ule mkono mzima wa mama yake. Akaahidi kwamba kiroba cha mwisho kikishapanda, atarudi na mkokoteni na kumpeleka shuleni kama bibi harusi. Mkewe akajaribu kumwinua mkwewe, akashindwa kwa hali aliyokuwa nayo, na mama mwenyewe akamkataza, akamwambia awawahishe watoto. Basi yule mwanamke akapanda kilima na watoto, kila akipumzika anageuka kutazama paa la nyumba yake.

Ngongoti akafanya kazi. Alifanya kazi vizuri, mtu asimsingizie uvivu. Mvua ilikuwa ya rasharasha tu, na upepo haukuweza hata kung'oa kuti. Kila alipotua kiroba aliitazama bahari mbele yake, naye akaiona iko mbali, imechafuka kidogo, haina neno. Wote waliobaki siku ile walitazama mbele. Bahari si iko mbele? Utatazama wapi tena?

Lakini maji hayakuja kwa mbele. Yaliingia horini. Yalipita chini ya mikoko kimyakimya, bila wimbi, bila kelele, kama jirani anayeingia kwa mlango wa jikoni. Ngongoti alipomaliza kufunika viroba kwa turubai, akageuka ashuke, akakuta bonde lote ni bahari.

Hakuogopa. Sikilizeni vizuri hapo, hakuogopa. Alishuka majini, akaangalia maji yamemfika wapi. Yalikuwa gotini. Palepale, kama aliyepimiwa na fundi.

"Si nilisema?" akajiambia.

Na moyoni, wanangu, alifurahi. Chumvi ilikuwa kavu. Binti wa hali ya hewa alipatia, na yeye akapatia zaidi. Akaukokota mkokoteni wake nusu unaelea, bila haraka, huku akipanga utani atakaomwambia mama kwa kumchelewesha. Akapita nyumba ya jirani, maji yakiwa gotini. Akapita kisimani, yakiwa gotini. Akafika kwake, akausukuma mlango, nao ukafunguka kwa uzito. Ndani maji yalikuwa gotini vilevile. Sufuria zilikuwa zikielea, na viatu vya watoto vimekusanyika pembeni kama bata.

"Mama," akaita.

Akaita tena, kwa sababu yule mama tangu azaliwe hakuwahi kukosa jibu.

Goti la Ngongoti lilikuwa refu. Kitanda kilikuwa shubiri moja kutoka sakafuni. Chandarua kilikuwa kimening'inia ndani ya maji, na ule mkono mzima, mkono alioubusu asubuhi, ulikuwa umekikamata kwa nguvu, umekivuta hata msumari mmoja ukatoka ukutani. Alikuwa amepigana, mama wa watu. Alipigana na maji ambayo mwanawe aliyapita akitembea.

Nyamazeni kidogo.

Yule binti hakusema uongo. Bahari haikuzidi ilivyosemwa. Ngongoti mwenyewe alisema magotini, na yakaja magotini. Basi kosa liko wapi? Kosa ni kwamba tangu kipaza sauti kilipozimwa mpaka maji yalipoingia, hakuna mtu kijiji kizima aliyeuliza, goti la nani? Goti la aliyesimama ni paa la aliyelala.

Na sisi je? Si ndivyo tunavyopima misiba ya dunia hii, kila mtu kwa goti lake? Njaa ikinukia, mwenye ghala husema, tutavumilia. Nani atavumilia? Maradhi yakiingia mtaani, kijana mwenye kifua kipana husema, ni mafua tu. Mafua kwa nani? Tunasema hili si kubwa, hili litapita, hili tumeshaliona, na tunasema kweli kabisa, kwa sababu sisi tumesimama. Marehemu shangazi yangu alikuwa akisema kwamba ukitaka kujua jiko la nyumba lina moto kiasi gani, usimuulize mpishi, muulize mtoto anayetambaa.

Bahari itarudi. Wanaoichunguza wanasema inapanda mwaka hata mwaka, na mimi sina ubishi nao, maana minazi niliyoiacha nchi kavu nikiwa msichana leo iko majini. Siku tutakapoambiwa yanakuja, tusijitazame miguu. Tuingie ndani kwanza, tuulize, humu aliyelala ni nani? Huyo ndiye apimiwe maji. Huyo ndiye apande mkokoteni wa kwanza, na chumvi, hata iwe ya msimu mzima, ingoje. Siku ya kuulizwa hatutaulizwa kama viroba vilikuwa vikavu.

Baada ya matanga ndugu waligawana urithi. Chumvi ilibaki kwa Ngongoti, nyeupe, haikupungua hata kiroba kimoja, na lori lilipokuja hakutoka nje kuipakia. Dada yake alirithi minazi ya mama, nayo ikakauka imesimama, kwa sababu chumvi ya bahari ilikuwa imeshashuka mizizini. Mdogo wake alirithi kiwanja cha nyumba, na hori likakila kidogo kidogo mpaka akaacha kupeleka jembe pale. Yule mtoto aliyekuwa tumboni alizaliwa wa kike akarithi jina la bibi yake. Na kisima cha bondeni, alichokichimbisha yule mama enzi akitembea, wamekirithi wanawake wote wa pale. Hadi leo wanatupa ndoo, wanavuta, wanaonja kwa ncha ya ulimi, wanamwaga.