Kwa Nini Mchoraji wa Kuta Hujaza Maji Mdomoni

Enzi hizo, nyuma ya vilima vya mawe, hapakuwa na ukuta usiojulikana maana yake. Wanawake walichora nyumba mpya kwa udongo mwekundu, chokaa na masizi, kisha wakampisha mtaja maana. Yeye alisimama mbele ya watu, akakohoa, akatamka: hii ni mvua, ule ni ukoo. Akishatamka, hakuna aliyeruhusiwa kuona kingine. Na ukuta uliokosa maana mpaka jua kuzama ulipakwa tope upya, kana kwamba haukuwahi kuchorwa.

Kazi hiyo ilikuwa ya Luhende, mtu aliyejua maana ya kila mchoro na hakuwahi kushika udongo. Ujira wake ulikuwa paja la mbuzi.

Minza, shemeji yake, alikuwa na mashaka mengine. Mwanawe alikuwa ameoa Nyangeta, binti wa visiwani. Msichana hakuwa na kosa lolote, ila hakucheka, na kitita chake cha nguo kilikaa nyuma ya mlango hakijafunguliwa. Kila asubuhi Minza alikichungulia, akaona bado kimefungwa. Mtu asiyefungua kitita yuko njiani. Maneno ya kubembeleza yalipomwishia, akachukua udongo aichore nyumba ya mkwewe.

Alichora nini? Tuseme ukweli, hakuchora kitu. Mkono ulikwenda ulikotaka. Nyekundu ilipinda, nyeupe ikaifuata, masizi yakajaza palipobaki. Aliona pamependeza, akaacha.

Sasa, udongo ule ukikauka haraka hupasuka, kwa hiyo mchoraji huupulizia maji kwa mdomo, kidogo kidogo, kama umande. Luhende alifika na watu wake akamkuta Minza mashavu yamejaa. Desturi ilimtaka amwulize mchoraji kwanza, kwa adabu tu, kisha aseme lake. Akauliza. Minza akayaonyesha mashavu yake, akaendelea kupuliza.

Basi wakangoja, na midomo isiyo na maji ikaanza kazi. Bibi mmoja aliliona shamba lake la maharage. Mhunzi akasema huo ni moshi wa kiwandani kwake, wasimfundishe moshi. Luhende akawanyamazisha: hii ni ngao ya ukoo. Mtu nyuma akauliza tangu lini ngao ikawa na kiuno, wakacheka.

Nyangeta akatoka mlangoni, akagusa mstari mweupe.

"Hii si njia ya kushukia ziwani kwetu? Na hapa kwenye jiwe jeusi ndipo mama anapoanika dagaa." Wengi walikuwa hawajawahi kuisikia sauti yake. Kisha akacheka. "Mama mkwe, hata paka wetu mwizi umemweka!"

Luhende alichukia. "Shemeji, jua linazama. Sema ni nini, nimalize kazi yangu."

Mdomo wa Minza ulikuwa mtupu sasa, na jibu lilikuwa tayari: si kitu, baba, udongo tu. Akamtazama Nyangeta, ambaye alikuwa bado anautafuta mkia wa paka. Minza akauinamia mtungi, akajaza mashavu tena.

Luhende, kwa kukosa wa kumjibu, akausogelea ukuta, na kwa mara ya kwanza akautazama bila kutafuta la kutamka.

"Ajabu," alisema polepole. "Kama paja la mbuzi."

Wakabishana hata jua likazama bila mtu kukumbuka tope. Paja Luhende alipewa, kwani ndilo aliloliona. Minza alipochungulia nyuma ya mlango, kitita hakikuwapo. Nguo zilikuwa zimetundikwa kambani.

Na tangu siku hiyo, nyuma ya vilima vile, mchoraji akiulizwa amechora nini hujaza maji mdomoni, hata kama ukuta umekwisha kukauka. Mgeni asiyejua hungoja amalize, na hungoja sana. Wenyeji husogea ukutani, wakamtafuta paka.