Waliomwitikia Bwana Gaspari

Moto unawaka? — Unawaka.
Masikio mnayo? — Tunayo.
Basi nisikilizeni, wala mtu asigeuke nyuma.

Hapo kale, kando ya mto, palikuwa na shamba la miwa la Bwana Gaspari, mtu wa ng'ambo. Kila mtumwa aliyemnunua alimpa jina jipya. Alfajiri Feruzi, nokoa wake, mtumwa aliyesimamia wenzake, huita majina, na kila aliyeitwa hujibu, "Labeka." Aliyekufa alitupwa katikati ya miwa, bila sanda, bila dua.

Alikuwapo mama mmoja, Sikujua kwa jina la shamba. Mumewe, ambaye shambani alipewa jina la Majaliwa, aliungua katika sufuria ya sukari akafa. Akabakiwa na binti mmoja tu, Tausi.

Siku moja Feruzi alisahau, akaita, "Majaliwa!"

Ndani ya miwa ikatoka sauti, "Labeka."

Watu wakaganda. Bwana Gaspari akacheka. "Anayeitika ana kazi. Mpeni panga." Panga likatupwa miwani. Jioni mstari mzima wa miwa ulikuwa umelala chini, na aliyeukata hakuonekana.

Siku ya pili bwana akaamuru, "Waite wafu wote!"

Feruzi akaita, nao wakaitika. "Labeka. Labeka. Labeka." Mapanga yakatupwa, miwa ikakatika. Bwana akafurahi mno, akasema, "Wazima wanakula, wafu hawali. Nitawauza wazima wote, nianze na huyu binti." Tausi akafungwa mnyororo.

Siku ya tatu, kabla Feruzi hajafumbua mdomo, Sikujua alisimama mbele ya miwa. Alikuwa na hofu kuu, lakini uchungu wa mwana ulizidi hofu. Akasema, "Wao wamekuita jina la shamba. Mimi nakuita jina alilokupa mama yako. Chilambo!"

Miwa ikavuma kwa upepo.

"Chilambo!"

Upepo ukakoma.

"Chilambo!"

"Nipo, mke wangu. Nani amemfunga mwanangu?"

Miwa ikapasuka, wakatoka wafu, vinywa vimejaa udongo, mapanga mikononi. Wazima nao wakaita, huyu nduguye, huyu mamaye, kwa majina ya kwao, na kila aliyeitwa akaja. Feruzi akatupa mjeledi. Mnyororo ukakatwa, kinu cha kusagia miwa kikachomwa moto.

Kisha wafu wakaita, "Gaspari!" Akaziba masikio. "Gaspari!" Akaziba mdomo kwa mikono miwili. "Gaspari!"

Mdomo ukajibu wenyewe, "Labeka." Miguu ikampeleka miwani.

Watu wakatorokea msituni, Sikujua na Tausi mbele, kila mmoja na jina lake la kwanza. Askari wa serikali wakafika, wakaita Sikujua, wakaita Feruzi, wakaita majina yote ya shamba. Hakuna aliyejibu.

Ila kutoka miwani, sauti moja ya mtu wa ng'ambo ilijibu kila jina, "Labeka. Labeka. Labeka."

Hadithi yangu imefika mwisho, ibebeni. Funzo lake: usimnyang'anye mtu jina lake ukadhani umemmiliki, kwani yuko atakayemwita kwa lile la kwanza. Haya, nani ataniletea kuni, moto unazimika?

Mbona leo hakuna anayeitika?