Fisi Alivyomuuguza Pimbi

Paukwa!

Pakawa!

Waliokaa wamekaa?

Tumekaa.

Na waliosinzia?

Wasikie usingizini.

Niwape kweli au niwape uongo?

Changanya, mradi ukolee.

Haya. Hapo kale, katika nchi ya majabali, alikuwako Pimbi. Pimbi mnamjua: kimo chake kama sungura, masikio madogo, mkia hana, na ukimkuta amekaa juu ya jiwe utadhani ni mzee anayesubiri aletewe chai. Huyu Pimbi wetu aliitwa Masele, na mkewe aliitwa Nyamizi. Waliishi na watoto wao na pimbi wenzao ndani ya ufa wa jabali kubwa. Ufa ulikuwa mwembamba, na wembamba wake ndio mlango, ndio kufuli, ndio mlinzi wa zamu. Mnyama mkubwa akija, anachungulia tu, anaondoka na mate yake.

Sasa, msimu wa viazi vitamu, watu wa bondeni huvikatakata vipande na kuvianika juu ya majabali vikauke. Ndiyo michembe hiyo, chakula cha kiangazi. Watu wakianika, wanaondoka. Wakiondoka, Masele anashuka. Leo anakula upande huu, kesho anakula upande ule, keshokutwa anakula pote.

Nyamizi akamwambia, "Baba Kulwa, tumbo hilo."

Masele akajibu, "Ni manyoya tu, mama Kulwa. Baridi imeanza."

Manyoya gani hayo yanayocheua? Lakini mtu mzima haambiwi mara mbili.

Siku moja kivuli cha tai kikapita juu ya jabali. Pimbi wa zamu akapiga ukelele, kwiii! Wote wakakimbilia ufani: chwi, akaingia huyu, chwi, akaingia yule, chwi, wakaingia watoto. Masele naye akaja mbio. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likakataa. Akasukuma, likakataa. Akakita mguu wa nyuma kwenye jiwe, akajikakamua kwa nguvu zake zote, na ndani ya paja akasikia kitu kinachanika, tas!

Akatoka kinyumenyume, akaanguka chali. Tai alikuwa ameshakwenda zake zamani, wala hakuwa na habari naye.

Nyamizi akatoka, akalibonyeza lile paja. Masele akauma meno.

"Msuli umevutika," Nyamizi akasema. "Dawa yake ni kulala. Na tumbo nalo, dawa yake unaijua mwenyewe."

"Nilale wapi?"

"Hapo ulipo. Una pengine?"

Basi Masele akalala nje, chini ya mwamba uliotokeza kidogo kama ukingo wa paa. Kutoka pale hadi ufani hapakuwa mbali. Hata mtoto angeruka akafika. Lakini kwa mguu ule na tumbo lile palikuwa mbali kama safari ya Hija. Aliwasikia watoto wake ndani wakigombania nafasi ya kulala, akaogopa. Nasema aliogopa kweli, nyie msicheke. Aliogopa kwamba hatalala tena katikati yao.

Asubuhi Fisi akaja. Alikuja anachechemea kwa madaha yake, kiguu kiguu, kiguu kiguu, pua mbele, tumbo nyuma. Fisi huyu alikuwa na nguvu za kuvunja fupa la ng'ombe, na alikuwa na njaa hata akitoka kula.

"Hujambo, mpwa wangu."

"Sijambo, mjomba. Shikamoo."

"Marahaba. Mbona hukimbii leo?"

"Mguu, mjomba. Msuli wa paja umevutika."

"Pole sana," Fisi akasema, akakaa kitako. Mate yakamdondoka, to, to, to.

Masele akayatazama yale mate. "Utanila, mjomba?"

"Nitakula, mpwa. Nisiseme uongo."

"Ni haki yako. Mimi nayaonea huruma meno yako tu."

"Yana nini meno yangu?"

"Msuli ukivutika, nyama yote ya mwili hukaza. Ukinila leo utatafuna ukanda. Lakini nikilala, nikakandwa, nikalishwa vizuri, msuli utalegea, na mimi nitakuwa laini, tena mnene zaidi ya hivi."

Fisi akalitazama lile tumbo. Zaidi ya hivi? Katika maneno yote aliyoambiwa, hilo la "zaidi" ndilo lililomwingia. Akalizungusha moyoni, akalimeza.

"Basi nikubebe, nikuuguze kwangu."

"Ukinibeba nitatikisika, mjomba. Nikitikisika nakaza."

Fisi akafikiri. Aliyeumia mguu atakimbilia wapi? Na aliyenenepa vile ataingia ufa upi? "Haya," akasema, "nitakuuguza hapahapa."

Ndivyo Fisi alivyogeuka mwuguzi. Akachuma majani ya mbarika, akayatandaza juu ya jiwe lililopigwa na jua mpaka yakapata moto, akalikanda lile paja, taratibu, na ulimi nje. Mikono ya Fisi, nawaambieni, ilikuwa laini kuliko mlivyodhani. Kisha akashuka mashambani, akarudi na mzigo wa viazi vitamu, vile vyekundu vinono, akauweka mbele ya mgonjwa.

"Kula, mpwa."

Masele akanyoosha mkono, kisha akausitisha. Hapa hakuwa na hila yoyote. Ilikuwa ni malezi tu.

"Mjomba, niwie radhi. Kwetu anayeleta chakula huonja kwanza, kutoa uchawi. Na wewe watu wanakusema vibaya. Wanasema wachawi wanakupanda usiku wakaenda safari zao."

Uso wa Fisi ukanywea. "Maneno ya watu hayo, mpwa. Mimi hajanipanda mtu."

"Najua, mjomba. Onja yaishe."

Fisi akaonja. Sasa wewe ukionja unalamba ncha ya kidole. Fisi akionja, gwap! Nusu ya viazi ikaenda.

Masele akayatazama mabaki, na hapo ndipo akili ilipomjia. Ilikuja polepole.

"Upande ule umeonja, mjomba. Na upande huu? Uchawi huhama."

"Kweli, huhama," Fisi akakubali. Gwap!

Vikabaki vikia vya viazi na maganda. Masele akavila taratibu, akashukuru, akalala. Usiku tumbo likamnguruma, nguru, nguru, akailaani ile akili yake mwenyewe.

Ikawa ndiyo kawaida. Jua likichomoza, Fisi anakuja. Anakanda, anabonyeza paja, anauliza, "Bado linakaza?" Masele analikaza kwa ndani, anasema, "Bado, mjomba, libonyeze uone." Fisi analeta viazi. "Onja, mjomba, kutoa uchawi." Gwap! "Na upande huu?" Gwap! Fisi anafuta mdomo, anasema, "Safi kabisa, mpwa, hakuna sumu." Na mgonjwa anakula vikia.

Fisi akienda kutafuta viazi vingine, Masele anajikokota hadi ufani. Kichwa kinaingia. Mabega yanaingia. Tumbo linakataa.

"Bado," Nyamizi anasema kutoka ndani.

Siku moja uvumilivu ukamwisha. Alisikia mtoto wake wa mwisho anakohoa, akasema leo ni leo, akakita mguu asukume. Paja likamchoma, akalia machozi. Nyamizi akatokeza pua.

"Baba Kulwa, mguu hauamrishwi. Umelala kidogo ukadhani umepona. Rudi ukalale."

"Nimechoka kulala, mama Kulwa. Nina njaa."

"Najua una njaa. Hata sauti yako imekonda," akasema, na sauti yake mwenyewe ikawa nzito. "Rudi ukalale, mume wangu."

Akarudi. Akalala kama alivyoambiwa, hakuruka, hakukurupuka. Na kulala huko, jamani, ni kazi ngumu kuliko kulima, hasa kama anayekufunika majani ni yule atakayekula.

Siku zikaenda. Paja likaanza kulegea, likawa linapata joto lake la kawaida. Tumbo likaanza kunywea. Hapo shida ikageuka ikawa nyingine, maana Fisi asione mbavu. Kila Fisi akikaribia, Masele anatutumua manyoya yote, fuuu, anakuwa duara.

"Unanenepa, mpwa," Fisi anasema kwa furaha.

"Ni mikono yako, mjomba."

Aliyekuwa ananenepa tunamjua. Fisi alikuwa amejaa mpaka shingoni. Akipanda jabali anapumzika njiani mara mbili, anahema heh, heh, heh, anasema kazi ya kuuguza inachosha, asiyeifanya haijui.

Asubuhi moja Fisi akawahi kuja. Umande haujakauka. Masele alikuwa bado usingizini, anaota michembe, manyoya yamelala, mguu umenyooka. Fisi akaweka viazi chini, akabonyeza paja kama desturi yake. Likabonyea kama ugali wa moto.

"Ah," Fisi akasema kimyakimya. "Limelegea."

Akapapasa juu kidogo, atafute unono. Akakuta ubavu. Akapapasa tena, akakuta ubavu mwingine.

Masele akafumbua macho. Mkono wa Fisi ulikuwa juu yake, na manyoya yalikuwa hayana tena la kusema.

"Mpwa," Fisi akasema, na ilikuwa sauti ya mtu aliyeumizwa, "umekonda."

Masele akajinyoosha polepole, kama mtu anayeamka kwake.

"Nimekonda, mjomba. Hata mimi nimeshangaa. Jana usiku nilihara."

"Ulihara? Ulikula nini?"

"Nilikula viazi vyako. Labda jana hukuonja vizuri."

Nyie, kuna maneno humwuma mwuguzi kuliko mkuki. Fisi akauondoa mkono, akaruka wima. "Mimi sikuonja vizuri? Mimi?"

"Sikulaumu, mjomba. Ulikuwa umechoka. Onja hivyo vya leo, nile nijaze hizi mbavu, kisha unile jioni. Mimi sina pa kwenda."

Fisi akainama. Akatia viazi vyote mdomoni kwa mara moja, makusudi, ili pasiwe na upande wowote uliobaki na uchawi. Gwap! Mashavu yakajaa. Taya zikajaa. Mdomo ule uliokuwa unavunja fupa la ng'ombe ukawa hauna hata nafasi ya kupitisha ulimi.

Masele akakurupuka.

Mguu ukamwitika. Akaruka mara moja, akaruka mara ya pili. Nyuma yake Fisi akanguruma, mmmf, akaja kwa uzito wake wote, na jabali likatikisika. Kichwa kikaingia. Mabega yakaingia. Tumbo likafika mlangoni, likagusa jiwe huku, likagusa jiwe huku, na Masele akatoa pumzi yote aliyokuwa nayo duniani.

Chwi!

Nje Fisi akajibamiza ukutani, bu! Kiazi kikamtoka puani.

Ndani kulikuwa giza na joto. Nyamizi akampapasa mumewe, ubavu kwa ubavu. Watoto wakamlalia juu, na yule wa mwisho akalala juu ya paja lenyewe. Lilimwuma kidogo. Masele hakumwondoa.

Fisi alikaa nje siku nzima. Alitukana asubuhi, akabembeleza mchana, jioni akalia. Masele alisikiliza yote. Giza lilipoingia, kiguu kiguu, Fisi akashuka zake.

Mnadhani imekwisha. Kesho yake jua lilipochomoza, pimbi wote wakasikia hatua nzito zinapanda, na mtu anahema, heh, heh, heh. Fisi akafika mlangoni pa ufa, akaweka chini mzigo wa viazi na majani ya mbarika.

"Hodi."

Akasogeza pua ufani.

"Mpwa. Mguu unaendeleaje?"

Masele akamtazama mkewe. Hila zote alizokuwa nazo zilimjia kwa mpigo, kila moja tamu kuliko mwenzake. Lakini tangu azaliwe, ukimtoa mama yake, hakuna aliyewahi kumkanda mguu wake kila asubuhi bila kukosa. Akasogea karibu na mwanga, si karibu sana.

"Umepona, mjomba. Nimeutembelea jana kutwa, hauumi."

"Afadhali," Fisi akasema, na lilimtoka kwa moyo mweupe kabisa. Akatabasamu mpaka jino la mwisho.

Kisha akakumbuka kwamba yeye ni fisi. Akalia kilio ambacho mpaka leo mnakisikia usiku, na wajinga husema anacheka.

Ngano nimeitua hapa. Anayetaka kuibeba na aibebe, si nzito. Mwenye nyumba finyu asije akaila yote.

Na mafunzo yake, maana najua mtaniuliza, ni haya: watoto, msidanganye wajomba zenu, uongo haumfikishi mtu popote. Mkiumwa, kuleni mshibe. Na mgonjwa akikwambia uonje kwanza, wewe onja tu, tena sana, kwa sababu kuuguza ni thawabu, na thawabu haina unene.

Haya, nani ana viazi hapo? Vileteni nivitoe uchawi.