Fisi Alivyopigwa Kalamu na Bendi ya Kisimani

Enzi hizo wanyama walikuwa na bendi, na binadamu hata kupiga makofi kwa pamoja hawajajua. Ukame ukaja. Mito ikakauka, mabwawa yakabaki matope yaliyopasuka, na nyika nzima ikabakiwa na kisima kimoja tu. Kisima hicho Simba alikuwa amekikalia.

Simba hakuwa mchoyo wa maji. Yeye njaa yake ilikuwa ya sifa. Alitoa amri kwamba kila jioni bendi ije imwimbie wimbo wa kumtukuza, na wimbo ukiwa unaendelea, kila mnyama anywe. Wimbo ukikatika, au jua likizama, jiwe la kufunikia linarudi mahali pake.

Bendi yenyewe ilikuwa ya wanne. Sungura aliimba na kuongoza, Kobe alipiga ngoma, Kanga alitikisa manyanga, na Fisi alipiga gitaa la solo. Kwa kuwa nao wana makoo, walijipangia utaratibu: kwenye kiitikio mmoja anachomoka kwenda kunywa, watatu wanaushikilia wimbo, akirudi huyo, anatoka mwingine. Wakati wa solo tu ndipo hapakuwa na ruhusa ya kutoka, maana gitaa lisipokuwa na ngoma na manyanga chini yake linabaki kukwaruza.

Sasa Fisi mnamjua. Huyu hata akialikwa kikombe cha uji anakuja na sufuria. Alikuwa wa kwanza kwenda kunywa, na akirudi tumbo limejaa anaingia kwenye solo, na humo hatoki. Kobe anamkonyeza, haoni. Kanga anakohoa, hasikii. Amefumba macho, ulimi nje, anajipendeza mwenyewe mpaka jua linazama na wenzake wanarudi nyumbani midomo imewakauka. Siku Kobe alipoanguka juu ya ngoma yake kwa kiu, Sungura alimwita Fisi pembeni.

"Bwana Fisi, vidole vyako havina kasoro," alimwambia. "Ila kuanzia kesho, kapigie kwako."

Basi akawa amepigwa kalamu.

Alihamia kilimani, mahali ambapo bendi ilisikika vizuri kabisa, ingawa alimwapia kila mpita njia kwamba hataki hata kuisikia. Alisema ameacha mwenyewe. Alisema walimwonea wivu. Alisema bendi haimalizi mwezi bila yeye; mwezi ulipoisha, akasema alimaanisha ule unaofuata. Maji alikwenda kuyanywa kwa kujificha nyuma ya miguu ya Tembo, kisha anapanda kilimani kuendelea kuwasema. Kufukuzwa kulimuuma, ndiyo, lakini kilichomnyima usingizi ni kwamba wimbo uliendelea na hakuna aliyeuliza gitaa liko wapi.

Ili kujiliwaza, aliupiga wimbo uleule peke yake. Pale bendi inapouliza, "Nani mfalme wa nyika?" na kujibu, "Simba," yeye alijibu, "Fisi." Mara ya kwanza alicheka mpaka akagaagaa. Baadaye hakucheka tena. Aliuimba tu hivyo jioni baada ya jioni, kana kwamba ndivyo ulivyotungwa.

Kinyongo kilipomfika kooni, alimwendea Simba.

"Mtukufu, mimi si mtu wa maneno," alisema akiinama. "Lakini ukisinzia, Sungura anaweka jina lake mahali pa jina lako."

Manyoya ya shingo yakamsimama Simba. Jioni ile aliweka mguu juu ya jiwe la kisima, akatangaza kwamba Sungura ameuharibu wimbo wake, kwa hiyo bendi imekwisha na maji nayo yamekwisha. Ndama wa Nyati akaanza kulia. Kobe akaweka ngoma chini. Fisi alikuwa amesimama kando ya Simba, gitaa begani, amejipaka mafuta tangu asubuhi. Kwa kazi hiyo alikuwa amesahau hata kunywa.

Sungura alimtazama Fisi mara moja akajua fitina imetoka wapi. Alijua pia kwamba Simba habishiwi mbele za watu, kwa hiyo akapiga goti.

"Mfalme, labda kweli tumeuharibu wimbo wako," alisema. "Bwana Fisi anaujua kuliko sisi. Naomba auimbe peke yake, mwanzo hadi mwisho, nasi tunywe tukimsikiliza. Kisha uamue."

Wimbo wote, peke yake, mbele ya nyika nzima, na Sungura mtazamaji. Fisi nusura azirai kwa raha. Simba akakubali, jiwe likasogezwa.

Alipiga vizuri, haki yake tumpe. Kiitikio kilipofika, akageuka kama kawaida yake ili achomoke kwenda kunywa. Hakukuwa na wa kumshikia. Kobe alikuwa kisimani, shingo imezama majini. Kanga alikuwa anainama, anainuka, anameza. Bendi nzima ilikuwa inakunywa pamoja kwa mara ya kwanza. Fisi akaona alivyokwama: akiacha, jiwe linarudi; asipoacha, hanywi. Akajikaza kisabuni, akaingia kwenye solo isiyokatizwa na mtu, ileile aliyoililia, na ndani yake akasikia maji yakipita kila koo isipokuwa lake.

Kiu ikamlegeza akili, mdomo ukaendelea kwa mazoea.

"Nani mfalme wa nyika?" aliimba, na papo hapo akajijibu, "Fisi."

Gitaa likanyamaza. Tembo aliacha kunywa, mkonga hewani. Fisi akarudia haraka ili arekebishe, na kwa hofu likatoka jina lilelile.

"Kumbe jina lililoingia kwenye wimbo wangu ni hilo," Simba alisema.

Fisi akaanguka kifudifudi, akakiri yote, pamoja na mengine ambayo hakuna aliyemuuliza. Simba alitaka kumrarua. Sungura akamwombea, akisema bendi ina upungufu wa mtu wa kushikilia kiitikio. Basi ikaamuliwa arudi, apige waya mmoja tu nyuma ya Kobe, na awe wa mwisho kunywa.

Kesho yake alisimama nyuma, ting, ting, akiwaona wenzake wakienda na kurudi. Jua lilibaki kidogo, naye akawa ameshakata tamaa. Ndipo Kobe alipogeuza shingo.

"Nenda kanywe. Tumekushikia."

Fisi aliinama kisimani. Nyuma yake wimbo uliendelea bila yeye, haukupungua kitu, na ulikuwa mzuri. Hilo lilimuuma, akalimeza pamoja na maji, akawahi kurudi kabla jua halijazama.

Wapita njia bado anawaambia kwamba bendi ilimbembeleza arudi. Hakuna anayembishia, mradi arudi kwenye zamu yake kwa wakati. Nami hapa narudisha jiwe, aliyekunywa, amekunywa.